Kijana akipotoka, familia ina nguvu gani?

Kila vijana wenye mapanga wanapovamia wakaazi Kisauni au Likoni, na kila inaposikika kwamba kijana wa kijiji fulani Kwale au Kilifi ametoweka na inahofiwa amevuka mpaka kuingia Somalia, swali la kwanza hutoka haraka: wazazi wake walikuwa wapi? Huulizwa na viongozi barazani, na majirani kisimani, na sisi watangazaji pia tumeliuliza hewani.

Swali hilo ni la haki. Shida ni kwamba mara nyingi anayeliuliza hasubiri jibu, kwa sababu tayari ameshahukumu. Katika makala haya tunataka kulisubiri jibu. Tunaangalia matukio ya kweli, ya hapa Kenya na ya mbali, na tunaangalia yale ambayo watafiti wamegundua baada ya kuwafuatilia vijana kwa miaka mingi.

Jibu fupi ni hili. Familia ina nguvu kubwa juu ya njia ya kijana, lakini nguvu hiyo haiko kwenye ukali kama wengi wetu tulivyofundishwa. Iko kwenye kumjua kijana na kubaki naye. Familia inayomfukuza kijana wake, au inayoogopa kuomba msaada, inaweza kuipoteza nguvu hiyo kwa siku moja.

Baba aliyepiga ripoti

Tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kundi la Al-Shabaab lilisema ndilo lililohusika.

Siku chache baadaye, serikali ya Kenya ilimtambua mmoja wa washambuliaji. Wengi walitarajia kusikia kuhusu kijana aliyeacha shule na kukulia mitaani. Haikuwa hivyo. Alikuwa kijana mwenye shahada ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu katika kaunti ya Mandera, mtumishi wa serikali ile ile ambayo mwanawe aliigeukia.

Na baba huyo hakukaa kimya. Wizara ya Usalama wa Ndani ilieleza kwamba alikuwa ameshapiga ripoti kuwa mwanawe ametoweka, na kwamba alihofia ameenda Somalia. Aliomba msaada wa kumtafuta. Kijana hakupatikana mpaka siku ile ya Garissa.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kinavunja jibu rahisi. Mtoto wa nyumba yenye heshima, aliyesoma mpaka juu, mwenye baba anayejali, bado anaweza kupotea. Kwa hiyo tunapoeleza nguvu ya familia, tukumbuke kwamba si dawa isiyoshindwa. Ni kama ua la shamba: likiwa imara hupunguza sana wanyama wanaoingia, lakini halizuii kila mnyama.

Wavulana 411 wa London

Mwaka 1961, watafiti nchini Uingereza walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa mtaa wa wafanyakazi kusini mwa London. Walikuwa na umri wa miaka 8 na 9. Waliendelea kuwafuatilia mpaka wakawa watu wazima wenye watoto wao. Walitaka kujua jambo moja: kwa nini wengine waliishia mahakamani na wengine, wa mtaa ule ule, hawakuishia huko?

Walichokikuta kinafaa kusomwa hata na sisi tulio vijijini. Chini ya asilimia 6 ya familia zile zilibeba nusu ya hukumu zote za makosa ya jinai. Maana yake, ukichukua nyumba 100, nyumba zisizofika 6 ndizo zilizotoa nusu ya kesi zote.

Hii haina maana kwamba uhalifu uko kwenye damu. Watafiti waliona mambo yaliyotangulia ndani ya nyumba hizo. Wazazi hawakujua mtoto yuko wapi wala yuko na nani. Adhabu ilikuwa kali na ya ghafla, leo kipigo, kesho kimya. Baba na mama waligombana kila mara. Na tayari kulikuwa na mtu mkubwa ndani ya nyumba, mzazi au kaka, aliyewahi kuhukumiwa.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanywa mjini Boston, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, watafiti wawili, mume na mke, Sheldon na Eleanor Glueck, walianza kuwalinganisha wavulana 500 waliokuwa wamepelekwa katika shule za kurekebisha tabia na wengine 500 ambao hawakuwa na makosa. Waliwachagua kwa makini ili wafanane kwa umri, kwa asili ya wazazi na kwa hali ya mitaa waliyotoka. Wote walitoka mitaa maskini.

Miaka mingi baadaye wasomi wengine wawili, Robert Sampson na John Laub, waliyachambua upya mafaili yale. Waligundua kwamba mambo matatu ya nyumbani yaliwatenganisha sana wavulana wale: kufuatiliwa, kupendwa na kuwa karibu na wazazi, na nidhamu isiyoyumba wala kupita kiasi. Na umaskini je? Umaskini ulikuwa na uzito, lakini kwa sehemu kubwa ulipitia nyumbani. Ulimchosha mzazi, ulimpeleka mbali kutafuta riziki, ulileta ugomvi, na mtoto akabaki bila jicho la mtu.

Hapo tunasimama kidogo, maana ndipo habari ya Boston inapokutana na Kinango na Ganze.

Mzazi yuko wapi kweli?

Katika vijiji vingi vya pwani, swali la wazazi wako wapi lina jibu la wazi. Baba yuko Mombasa kwenye vibarua, au Nairobi kwenye ulinzi, na hurudi mwisho wa mwezi akipata nauli. Mama, katika nyumba zisizo chache, yuko Saudi Arabia au nchi nyingine ya Ghuba akifanya kazi za nyumbani ili watoto wapate karo. Watoto wamebaki na nyanya.

Nyanya anawapenda. Anawapikia, anawaamsha kwenda shule. Lakini mvulana akifika miaka 15, nyanya wa miaka 70 hawezi kumfuata maskani usiku. Hajui ni nani anayempigia simu. Hajui zile pesa za viatu vipya zimetoka wapi. Mzazi aliye mbali anatuma pesa kwa M-Pesa, na kwa kweli amejitolea sana, lakini ule mfuatilio ambao watafiti wa London na Boston waliuona una thamani hautumwi kwa simu peke yake.

Hatusemi haya kumlaumu mama aliye Riyadh wala baba aliye Changamwe. Wametoka kwa sababu shamba halikutoa kitu. Tunasema ili pengo lijulikane lilipo. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Mzazi anayeondoka hawezi kuubeba wajibu huo mfukoni. Lazima amkabidhi mtu, tena kwa jina: mjomba, baba mdogo, shangazi, mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wakati wao mikono mingine ilikuwepo bila kuitwa. Siku hizi inabidi iitwe.

Fimbo na mfuatilio si kitu kimoja

Tunao usemi mwingine: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wengi huutumia kutetea kipigo. Lakini kumkataza mtoto jambo akalia ni kitu kimoja, na kumpiga hadi akatoroka ni kingine. Usemi unahimiza msimamo. Kipigo ni jambo tuliloliongeza sisi.

Utafiti wa London na ule wa Boston unakubaliana hapa. Nyumba iliyolegea kabisa ilikuwa hatari. Nyumba ya kipigo ilikuwa hatari pia. Na hatari ilikuwa pia ile inayochanganya yote mawili: wiki mbili hakuna anayeuliza chochote, kisha siku moja baba anarudi na hasira na mkanda. Mvulana katika nyumba hiyo hajifunzi kutofautisha jema na baya. Anajifunza kusoma hasira za mtu mkubwa na kumkwepa. Na mtoto anayemkwepa baba hatamwambia baba kwamba kuna mtu maskani amemwahidi pesa.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mzazi hawezi kuona kila kitu. Mengi ya yale anayoyajua kuhusu mwanawe, mwanawe mwenyewe ndiye aliyemwambia. Siku kijana anapoacha kuzungumza, mzazi amepofuka.

Kaka mkubwa

Kuna mtu mmoja nyumbani ambaye mara nyingi tunamsahau. Tunazungumzia baba na mama, lakini mvulana wa miaka 13 anamtazama kaka yake wa miaka 19 kuliko anavyomtazama mtu yeyote.

Mwaka 2013, mabomu mawili yalilipuka karibu na mwisho wa mbio za marathoni za Boston. Walioyatega walikuwa ndugu wawili, Tamerlan Tsarnaev, miaka 26, na mdogo wake Dzhokhar, miaka 19. Wazazi wao walikuwa wamesharudi kwao, eneo la Dagestan nchini Urusi. Mkubwa aliuawa katika msako. Mdogo aliposhtakiwa, mawakili wake hawakukana kwamba alishiriki. Walisema alimfuata kaka yake, aliyekuwa amechukua nafasi ya mzazi. Baraza la mahakama lilimhukumu kifo mwaka 2015. Hoja ya mawakili haikumwokoa, na wala haimwondolei lawama kwa waliouawa. Lakini inatuonyesha jambo tunalolijua wenyewe: wazazi wakiondoka, cheo cha mzazi hakibaki wazi. Mtu hukichukua.

Nguvu hiyo inakwenda pande zote mbili. Kaka aliyetoka jela na kukaa kimya kuhusu yaliyomkuta huweza kuonekana shujaa. Kaka aliyetoka jela na kumweleza mdogo wake ukweli, njaa, aibu, miaka iliyopotea, huweza kufanya kazi ambayo hakuna baraza la chifu linaloweza kuifanya. Kwa hiyo nyumba yenye kijana mmoja aliyepotoka ina kazi mbili. Moja ni yeye. Nyingine ni wale wadogo wanaomtazama.

Si familia peke yake

Hapa tunataka kuwa wakweli kwa upande wa pili. Kuna watu wanaofaidika kila lawama yote inapobebeshwa mama wa kijana. Mwenye kuuza unga anafaidika. Afisa anayechukua kitu kidogo ili asione anafaidika.

Mwezi Mei 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata kwa hatua zao, zikisema unaharibu vijana. Wakulima wa Embu walilalamika, Rais akasema zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi, na mahakama ikasimamisha marufuku. Mzozo ule ulikuwa kati ya kaunti, serikali kuu na mahakama. Mzazi wa Mariakani aliyeshindwa kumzuia mwanawe asitafune alikuwa anajaribu peke yake jambo ambalo hata magavana hawakuliweza.

Hali ni hiyo hiyo kwa magenge. Mwishoni mwa mwaka 2016, serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku makundi karibu 90 ya uhalifu, yakiwemo ya Mombasa. Kijana anayeingia genge lenye jina na wakubwa wake hajaingia kwa sababu ya mama yake tu. Amekuta mlango umefunguliwa na mtu.

Familia inapoogopa serikali

Mwaka 2017, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali barani Afrika, kutoka nchi zikiwemo Kenya, Somalia na Nigeria. Waliojiunga kwa hiari walikuwa 495. Waliulizwa ni kitu gani hasa kilichowasukuma kuchukua hatua ya mwisho. Asilimia 71 walitaja hatua ya serikali, ikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

Ripoti hiyo hiyo ilikuta kwamba wale walioona wazazi walijishughulisha nao utotoni walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Tuyasome mambo haya mawili pamoja. Mapenzi ya familia humkinga kijana. Lakini mapenzi hayo hayo, ndugu akidhulumiwa, hugeuka kuwa uchungu unaomsukuma nje.

Hapa pwani tunaijua habari hiyo kwa karibu. Mwaka 2016 shirika la kutetea haki la Haki Africa lilichapisha ripoti iliyokusanya visa 81 vya watu waliouawa au kutoweka katika eneo la pwani tangu mwaka 2012, ambapo vyombo vya usalama vilituhumiwa. Kila mmoja wa watu hao alikuwa na mama, na wengi walikuwa na wadogo zao.

Sasa jiweke mahali pa mama ambaye kijana wake amerudi usiku kutoka Somalia. Kijana amekonda, hasemi alikokuwa, anaomba maji. Aprili 2015, baada ya Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha. Mama amesikia tangazo hilo redioni. Pia amesikia kuhusu mtoto wa jirani aliyechukuliwa na gari usiku na hakuonekana tena. Akimpeleka kwa chifu, je, anamwokoa au anamwua? Akimficha, je, anamlinda au anahatarisha kijiji kizima?

Baba wa Mandera alipiga ripoti. Ili wazazi wengine wafanye vivyo hivyo, lazima waamini kwamba kupiga ripoti hakutageuka kuwa kumzika mtoto. Imani hiyo haijengwi na mzazi. Inajengwa na vyombo vya usalama, kwa jinsi vinavyomtendea kijana wa kwanza anayeletwa. Kijiji kizima hutazama.

Kulinda si kuficha

Kuna upande wa pili wa mapenzi ya mzazi, nao una hatari zake. Kisa kimoja cha Marekani kinaueleza vizuri.

Novemba 2021, katika mji wa Oxford, jimbo la Michigan, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne shuleni. Bunduki aliyoitumia ilinunuliwa na baba yake siku nne kabla. Asubuhi ile ile walimu walikuwa wameona mchoro wake wa kutisha wakawaita wazazi. Wazazi walikuja, wakazungumza, kisha wakaondoka bila kumchukua mtoto na bila kuwaambia walimu kuhusu bunduki. Mwaka 2024, James na Jennifer Crumbley wakawa wazazi wa kwanza Marekani kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia kwa sababu ya shambulio la shuleni lililofanywa na mtoto wao. Kila mmoja alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15.

Kwetu bunduki si kitu cha kununuliwa dukani kwa urahisi. Lakini tuna panga lililofichwa chini ya kitanda ambalo mama ameliona akanyamaza. Tuna simu tatu ambazo kijana hawezi kueleza alizinunua wapi, na nyumba nzima inazitumia. Tuna wazee wanaoitwa usiku kumaliza kesi ya msichana aliyebakwa kwa mbuzi wawili, ili jina la ukoo lisichafuke. Hayo si kumlinda kijana. Ni kumfundisha kwamba nyumba yake itamfunikia. Ubakaji ni kosa la jinai na haumalizwi chini ya mwembe. Na msichana yule naye ni mtoto wa familia.

Kumfukuza ni kumkabidhi

Wakati mwingine familia hufika mwisho wa uvumilivu. Kijana ameiba redio ya nyanya, ameuza mabati, amempiga dada yake. Baba anatoa nguo zake nje na kusema mbele ya watu: kuanzia leo wewe si mwanangu. Wengine hufika mpaka kumnyima radhi.

Tunaelewa uchungu huo. Lakini tuulize: usiku ule kijana analala wapi? Jibu ni lile lile karibu kila mara. Analala maskani, au kwa yule mtu ambaye baba alikuwa anamkataza kuonana naye. Anapewa chakula na kazi ya kuifanya kwa malipo ya chakula hicho. Baba alidhani anaondoa tatizo nyumbani. Amemkabidhi mwanawe kwa watu wanaomhitaji kuliko yeye.

Kuna njia kati ya kufukuza na kuvumilia kila kitu. Usalama wa waliomo nyumbani hutangulia, hasa wasichana na wazee, na kijana anayepiga watu huenda asifae kulala pale. Lakini anaweza kuhamishiwa kwa mjomba wa kijiji kingine, akaambiwa masharti kwa uwazi, na akajua kwamba kuna siku ya kurudi. Tofauti ni hii: aliyehamishwa bado ana kwao.

Na kurudi kunawezekana. Wale wavulana 500 wa Boston waliokuwa shule za kurekebisha tabia walitafutwa tena wakiwa wazee, wengine wakikaribia miaka 70. Wengi wao mno walikuwa wameshaacha uhalifu. Waliotafutwa walitaja vitu vya kawaida vilivyowageuza: kazi ya kudumu, mke aliyewawekea mipaka, watu waliowategemea. Uhusiano mpya ulifanya kazi ambayo ule wa zamani haukuifanya.

Karibu na sisi zaidi, mjini Monrovia, Liberia, watafiti walifanya kazi na wanaume 999 walioishi kwa wizi, kuuza dawa za kulevya na ugomvi. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki 8 ya kudhibiti hasira na kujitazama upya, pamoja na dola 200. Miaka 10 baadaye, kundi lililopata vyote viwili lilikuwa na vitendo vya uhalifu na ukatili kwa karibu nusu ikilinganishwa na wale ambao hawakupata kitu. Hao ndio watu ambao wengi wangesema wameshaoza.

Unachoweza kufanya kuanzia sasa

Kwanza, jua mambo matatu kuhusu kijana wako: yuko na nani, yuko wapi ikifika usiku, na pesa zake zinatoka wapi. Uliza kila siku kwa sauti ya kawaida, usingoje mpaka siku ya hasira.

Pili, mtafute mtu mmoja ambaye kijana bado anamsikiliza. Huenda si wewe. Akiwa ni mjomba, shangazi au mwalimu wa mpira, mpe kazi hiyo rasmi na umshukuru.

Tatu, mzazi ukiwa mbali, zungumza na mtoto mwenyewe, usizungumze na nyanya peke yake. Na umtaje mtu mzima mwenye nguvu atakayefika nyumbani kila wiki.

Nne, watazame wadogo zake. Waeleze ukweli kuhusu kaka yao, kwa maneno yanayolingana na umri wao.

Tano, mambo yakizidi, usibaki peke yako. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Kwa dawa za kulevya na pombe, piga 1192, simu ya bure ya NACADA. Ukienda polisi, nenda na mtu, mzee wa kijiji, imamu, mchungaji au shirika la haki, na uondoke na nambari ya OB. Kijana wako akikamatwa, Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24 mahakama ikiwa wazi, na ana haki ya kuwasiliana na wakili na na ndugu. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai. Kuyajua haya kunapunguza woga.

Turudi kwenye lile swali la barazani. Wazazi walikuwa wapi? Tuendelee kuliuliza, lakini tuliongezee mengine. Mjomba alikuwa wapi? Nani alimuuzia unga, na nani alimwona akiuza akapita? Mama alipoenda kituoni kuomba msaada, alipokelewaje? Na kijana alipotaka kurudi, alikuta mlango una komeo au hauna? Kijiji kinachojibu maswali yote haya kina nafasi ya kumrudisha mtoto wake. Kinachojibu la kwanza peke yake kitakuwa kimempata wa kumlaumu, na kijana atakuwa bado yuko nje.